Kichwa Kinapouma Mlimani

Somo hili ni la wale wanaopanda milima mirefu: wapagazi, viongozi wa njia, vijana wa shule wanaokwenda kutazama, na wageni wanaofuatana nao. Ni la mama pia, ambaye mwana wake amepata kazi ya kubeba mizigo Ruwenzori, naye anamfungia chakula cha njiani. Kama wewe hupandi mlima, soma hata hivyo. Siku moja mtu ataletwa mlangoni pako katika kipoyi, nawe utaulizwa la kufanya.

Tuna milima mirefu kwetu. Kilele cha Margherita, juu ya Ruwenzori, kina meta 5109, na Kongo na Uganda zinakigawana. Karisimbi, mpakani na Rwanda, ina meta 4507. Nyiragongo, ule mlima wa moto ulio juu ya Goma, una meta 3470. Mtu anaweza kutoka katika joto la bonde la Semliki, na baada ya siku chache akasimama karibu na theluji. Miguu yake inaweza kufanya safari hiyo kwa siku chache. Damu yake haiwezi.

Ugonjwa unaompata unaitwa ugonjwa wa mlima. Kwa watu wengi huanza kwa kichwa kuuma. Basi shika neno hili, kisha tutalieleza: kichwa kikianza kuuma juu ya mlima, usipande tena mpaka kipone, na kama ugonjwa unazidi, shuka mara moja, hata ikiwa ni usiku.

HEWA YA JUU

Wengi hufikiri kwamba hewa ya mlimani ni mbaya, au kwamba kitu fulani kimeondolewa ndani yake. Sivyo. Hewa ya Mutwanga na hewa ya kileleni ni hewa moja. Katika sehemu 100 za hewa, sehemu karibu 21 ni oksijeni, ile ambayo damu inaihitaji, na ni hivyo chini na juu. Tofauti ni namna hewa ilivyobanwa. Fikiri shuka za pamba zilizokunjwa na kupangwa moja juu ya nyingine mpaka dari. Ile ya chini imebanwa sana na uzito wa nyingine. Ile ya juu imelegea. Hewa pia ni hivyo. Chini imebanwa, na kila pumzi inajaa. Juu imelegea: unavuta kwa kifua kizima, lakini oksijeni iliyoingia ni kidogo. Ukifika meta 5500, mbano wa hewa ni nusu tu ya ule wa pwani ya bahari. Nawe umeona kwamba Margherita haiko mbali na hapo.

Mwili unajua kujitengeneza. Unapumua upesi zaidi. Moyo unapiga haraka. Usiku unaamka kukojoa mara nyingi, na hiyo si dalili mbaya, maana figo zinafanya kazi yao. Lakini matengenezo haya yanataka siku, na yule anayekimbilia juu anauacha mwili wake nyuma. Ndipo mishipa ya kichwa inapanuka, ubongo unavimba kidogo, na kichwa kinagonga kama ngoma, hasa ukiinama au ukikohoa.

Kwa watu wengi ugonjwa huu hauanzi chini ya meta 2500. Kwa hiyo watu wa Butembo na wa Lubero, ingawa wanakaa mahali pa baridi, hawaugui nyumbani kwao. Wala wasijisifu kwamba wao ni watu wa mlima. Wakipita meta 3000 haraka, watapatwa kama wengine.

Wazee wa Wakonzo walimtaja Kitasamba, mwenye kukaa kwenye theluji, na hata leo mpagazi akianguka, utasikia watu wakisema, "Mlima umemkataa." Mimi siwacheki wazee. Waliona jambo la kweli: mtu mwenye nguvu anaanguka huko juu pasipo kidonda wala homa. Lakini ukidhani ni roho ya mlima, utaanza kutafuta nani amekosa, na saa zinapita, kumbe ungekuwa unatafuta njia ya kushuka. Wala msimchanje chale kwenye paji la uso. Kuomba ni vema. Ombeni mkiwa njiani kwenda chini.

KOSA LANGU

Sasa nitakuambia habari yangu mwenyewe. Nilikuwa muuguzi kijana, nikafuatana na vijana wa shule kwenda Ruwenzori, nikibeba sanduku la dawa. Usiku wa kwanza tulilala Kalonge, na wa pili Mahangu. Kule Mahangu kijana mmoja, mwenye miguu kuliko wote, ambaye alikuwa akitangulia na kutungoja akicheka, hakula ugali wake jioni. Alisema kichwa kinamgonga. Nilimpa vidonge viwili vya aspirini. Asubuhi nikamwuliza, "Kichwa je?" Akajibu, "Kimepoa, Munganga." Sikumwuliza kama amekula. Sikumwuliza kama alilala. Tukapanda mpaka Kiondo.

Usiku ule alitoka nje, akarudi akishikashika ukuta kama mlevi. Wenzake wakacheka. Nikamwuliza jina la mwalimu wake. Akanitazama sana, kisha akataja jina la mbwa wa kwao. Hapo hofu ikanishika. Lakini niliona giza, na mvua, na matope, nikasema, "Tungoje kupambazuke." Mpagazi mmoja mzee, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa ameanza kufunga viatu vyake. Akasema, "Munganga, huyu haioni asubuhi hapa. Mahali hapa ndipo panapomwua. Tumshushe." Nikajibu, "Baba, tutaanguka njiani." Akasema, "Tutaanguka tukienda chini."

Tulimshusha kwa zamu, wawili wakimshika na mmoja akitangulia na taa, katikati ya ile miti mirefu yenye ndevu, ambayo mizizi yake inateleza kama samaki. Usiku ulikuwa unakwisha tulipokaribia Mahangu, na kijana akauliza kiatu chake kingine kiko wapi, kwa maana kimoja kilibaki matopeni. Sijasikia swali zuri kuliko lile maisha yangu yote. Hatukukaa pale, tulipumzika kidogo tukashuka hata Kalonge, na kesho yake alitembea kwa miguu yake mwenyewe. Katika sanduku langu hamkuwa na dawa iliyofanya kazi ile. Dawa ilikuwa zile meta karibu 900 tulizoteremka.

Nimetazama nyuma mara nyingi kuona nilikosa wapi. Kosa halikuwa aspirini. Mtu mwenye ugonjwa mdogo wa mlima anaweza kumeza aspirini au parasetamoli, akae pale pale alipo, anywe maji, apumzike. Na wengi hupona baada ya siku moja au mbili. Kosa lilikuwa kupanda juu ya aspirini. Kidonge kilinyamazisha kichwa, na mimi nikadhani ugonjwa umenyamaza.

DALILI

Ugonjwa mdogo huanza mara nyingi saa sita mpaka kumi na mbili baada ya kufika juu. Kwa hiyo mtu atapika chakula cha jioni vizuri na kuamka mgonjwa. Kichwa kinauma, na pamoja nacho hamu ya chakula inapotea, au anatapika, au ana kizunguzungu, au amechoka kuliko kazi aliyoifanya, au usingizi haumji. Kiongozi mwenye akili anatazama sahani za watu wake wakati wa jioni. Sahani iliyorudi imejaa inasema kweli kuliko kinywa.

Kuna vichwa vingine vinavyouma mlimani, nami sitaki umshushe kila mtu bure. Mpagazi anayebeba kwa kamba ya paji la uso anaweza kuumwa kwa ajili ya kamba. Aliyesahau kunywa maji ataumwa. Aliyetembea juu ya theluji bila miwani ya giza, macho yataumwa na kichwa pia. Basi mtue mzigo, mpe maji, mpumzishe. Maumivu yakiisha, vema. Yasipoisha, na mko juu ya meta 2500, hesabu kwamba ni mlima, wala usibishane.

Malaria ni jambo jingine. Mtu aliyeumwa na mbu kule chini anaweza kuanza homa siku ya tatu akiwa juu. Akiwa na joto mwilini na kutetemeka, ni lazima damu yake ipimwe. Lakini kipimo kiko wapi kule Kiondo? Kiko chini. Angalia basi: ikiwa ni malaria, anashuka, ikiwa ni mlima, anashuka. Njia ni moja, na huna haja ya kujua jina la ugonjwa kabla ya kuanza kwenda.

Sasa dalili za hatari. Hizi zifundishe wote katika msafara, hata mpishi. Ya kwanza ni ya ubongo: mtu anapepesuka, anasema maneno yasiyopatana, anakuwa mkali pasipo sababu, au analala sana na ni vigumu kumwamsha. Mpime hivi. Chora mstari chini, mwambie atembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, naye hakunywa pombe, ubongo wake umevimba. Anaweza kufa kabla siku moja haijaisha. Ya pili ni ya mapafu, nayo mara nyingi hutokea usiku wa pili baada ya kufika juu. Anakosa pumzi hata akiwa ameketi, anakohoa, midomo inageuka rangi ya buluu, kifua kinakoroma, na mwishoni anatema povu lenye damu kidogo. Maji yameingia katika mapafu yake. Tena ugonjwa huu wa mapafu unaweza kumpata mtu ambaye kichwa chake hakikuuma kamwe. Huyu mchukueni, asitembee akiweza kubebwa, maana kila hatua inamaliza oksijeni yake. Mfunike vizuri, kwa sababu baridi inaongeza ugonjwa huu, na mwinue kichwa na kifua.

Mkiwa na oksijeni katika chupa, mpeni. Kuna dawa ambazo daktari huwapa viongozi: deksametasoni kwa ubongo, nifedipini kwa mapafu. Zinasaidia sana, lakini zinasaidia kushuka. Hazichukui mahali pa kushuka. Shukeni angalau meta 300, na afadhali 1000, mpaka mwone akili au pumzi imerudi.

MGONJWA ASIAMUE

Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipanda angani katika puto kubwa la gesi, zaidi ya meta 8000. Walikuwa na mifuko ya oksijeni karibu nao. Mmoja, Gaston Tissandier, alirudi hai na kueleza: alitaka kuushika mpira wa oksijeni lakini mkono wake haukuinuka, na moyoni hakuwa na hofu, bali furaha. Wenzake wawili walikufa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1878, mwalimu Paul Bert, Mfaransa pia, alichapisha kitabu kikubwa kilichoonyesha kwamba ni upungufu wa oksijeni unaowaangusha watu juu.

Nimeisimulia habari hii kwa ajili ya ile furaha. Ubongo unaokosa oksijeni hauwezi kujihukumu. Mgonjwa atakuambia, "Niacheni nilale kidogo tu, nitakuja." Usimsikilize. Wala usimwache peke yake, wala usimtume ashuke peke yake. Mtu mzima mwenye akili timamu afuatane naye mpaka chini. Mwenzako ndiye mlinzi wako, nawe ni wake.

Kuna jambo moja linalofunga vinywa vya wapagazi, nalo ni mshahara. Mpagazi anajua kwamba akisema "kichwa kinauma," mzigo utapewa mwingine, na fedha pia. Basi anafunga kichwa kwa kitambaa, anapanda. Nimewaona wa namna hii wakiletwa, na mmoja aliletwa tukiwa hatuna la kufanya tena, ila kuosha mwili na kutuma habari kwa mke wake. Wewe kiongozi, na wewe mgeni mwenye kulipa, tangazeni mbele ya wote siku ya kwanza, mkiwa bado chini: anayeugua atashushwa, na atalipwa siku zake zote. Hapo utaanza kusikia ukweli juu ya vichwa vya watu wako.

KUPANDA KWA AKILI

Ukipita meta 3000, mahali pa kulala leo pasizidi mahali pa kulala jana kwa zaidi ya meta 500, na baada ya kila siku tatu au nne ulale tena mahali pale pale. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, kisha urudi chini kulala. Hiyo inausaidia mwili. Sasa hesabu njia yetu ya Ruwenzori. Mutwanga iko karibu meta 1200. Kalonge imepita 2100, Mahangu imepita 3300, Kiondo imepita 4200. Unaona? Kila siku ni karibu meta 1000. Nyumba zile hazikupangwa kwa kipimo cha pumzi yako. Basi chukua chakula cha siku moja zaidi na ulale Mahangu mara mbili. Vita imefunga njia hii mara nyingi, na wanaofika wanakuwa na haraka ya kufika kileleni kabla mambo hayajabadilika. Lakini haraka hiyo damu haiijui.

Na Nyiragongo je? Wanaopanda kutoka Kibati kwa siku moja na kulala ukingoni, asubuhi wengi vichwa vinauma. Kwa kawaida wanapona wakishuka. Lakini kule mtu asishuke katika mabonde madogo yenye hewa nzito, ile inayoitwa mazuku. Hiyo ni gesi ya volkeno inayokaa chini kama maji katika bakuli, nayo inaua haraka bila kuonekana.

Tena jihadharini na mbabula. Baridi ikizidi, watu huingiza makaa ndani ya nyumba au hema, wanafunga mlango, wanalala. Makaa yanatoa gesi isiyo na harufu, nayo pia huleta kichwa kuuma na kutapika, kisha kifo. Wote wakiamka na vichwa vinauma pamoja, fungueni mlango kwanza, toeni mbabula na watu nje.

Msinywe kasiksi wala kanyanga huko juu, wala vidonge vya usingizi. Vyote vinapunguza pumzi ya usiku. Kunyweni maji, chai na mchuzi. Kuna dawa iitwayo Diamox inayousaidia mwili kuzoea, nayo huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Daktari ndiye anayeitoa, kwa sababu haimfai kila mtu. Umwambie kama dawa za salfa zimewahi kukudhuru. Itakufanya ukojoe sana na vidole vitawashawasha. Usiogope.

Watu wengine wasipande kabisa. Mwenye ugonjwa wa SS, ule wa chembe za damu zilizopinda, asiende; upungufu wa oksijeni unazipinda zaidi na kumletea maumivu makali. Hata ndugu yake mwenye AS, ambaye huwa mzima, akisikia maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, ashuke upesi, maana wengu wake umo hatarini. Mama mwenye mimba asiende. Mwenye kikohozi na kifua kibaya angoje apone. Na kijana hodari asidhani nguvu zake ni kinga. Wazee mara nyingi huenda polepole, na hiyo ndiyo kinga yao.

MKIMFIKISHA KWETU

Mkimleta mgonjwa hospitalini, asije bila mtu anayejua habari zake. Tutawauliza: kichwa kilianza saa ngapi, na mlikuwa wapi? Alilala wapi usiku ule, na usiku wa kabla yake? Alikula? Aliweza kutembea juu ya mstari? Mlimpa kidonge gani, vingapi? Andikeni kwa kalamu mkiwa bado mlimani, hata juu ya karatasi ya sukari. Msifiche pombe, msifiche mbabula, wala dawa ya kienyeji, hatukuja kuwahukumu. Tutapima damu yake kwa malaria, tutasikiliza mapafu, tutampa oksijeni kama tunayo.

Na akipona, msimchukue tena juma lijalo kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu aliyeugua mara moja katika kimo fulani yuko katika hatari ya kuugua tena akifika pale kwa mwendo ule ule. Alete kadi yake tuandike ndani yake: aliugua wapi, meta ngapi, alipanda kwa siku ngapi. Kiongozi wa safari ijayo aisome kadi hiyo Mutwanga, kabla mizigo haijagawanywa.